Tepu Namba 213

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani. Asanteni. Lakini mtu aliyeishi maisha yake yote ya kazi akiangalia saa ili mvua isimkute katikati ya wimbo, mkimpa saa nyingine siku ya kustaafu, jameni, hapo mnamtania. Nimeitundika jikoni na inaenda vizuri. Kwa kuwa sasa nina saa mbili na sina haraka, nimeona niwaandikie mambo ya studio yetu ya Litein jinsi nilivyoyaona. Nitasema zaidi kuhusu bendi ya Majani Mabichi, kwa sababu nyinyi mnaowasikia kwenye simu mnadhani walizaliwa wakiimba hivyo. Pia kuna kosa nililofanya mimi, na mtu mwingine akalibeba hadi kaburini. Nililisema siku ile ya kuniaga, lakini wengi wenu mlikuwa duka la mbele mnagombania keki.

Sikuanzia kwa muziki. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani, kwetu Boito. Wakulima walileta majani chai, mimi napima, naandika namba ya mkulima, lori linabeba. Siku niliyokuja Litein kutafuta kazi nyingine nilimpata Mzee Owuor akiwa amelala chali chini ya meza, anashika waya kwa meno. Alikuwa fundi wa redio. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akafanya kazi ya umeme kiwandani, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Nyuma ya duka alikuwa amejenga chumba kimoja cha kurekodi. Kuta alizipigilia magunia ya kuchunia majani yaliyochakaa na trei za mayai, ndiyo maana hadi leo mkizima feni mnasikia harufu ya shamba.

Nilidhani atanipa kalamu. Alinipa kitambaa na spiriti, akasema nisafishe vichwa vya mashine ya tepu, vile vyuma ambavyo tepu inapita ikivigusa. "Nyathina," aliniambia, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, mtoto wangu kwa Kijaluo, "mashine ikiwa chafu, hata malaika akiimba atasikika ako na homa." Nilisafisha wiki mbili. Wiki ya tatu aliniruhusu kugusa kitufe. Nyinyi siku ya kwanza mlitaka nenosiri la kompyuta.

Tulikuwa na mashine moja ya magurudumu mawili na maikrofoni nne, moja ikifanya kazi ukiibembeleza. Kukata wimbo kulikuwa kukata kweli. Unashika tepu, unatafuta mahali kwa kuizungusha polepole na mkono, unakata kwa wembe, unaunganisha kwa gundi ya karatasi. Nilikuwa na mkono mwepesi, sijisifu bure. Kazi yangu kubwa kwa wembe ilikuwa kumwondoa Mzee Owuor. Alikuwa na tabia moja mbaya sana: wimbo ukiisha vizuri hakuweza kungoja. Gitaa bado linalia, mimi sijazima, yeye tayari amesema "Eeh!" ama "Hapo sasa!" kwa sauti ya mtu aliyeona bao. Maikrofoni zilikuwa wazi, chumba ni kimoja, basi maneno yanaingia. Kila jioni nilikata mwisho wa nyimbo na kutupa vipande kwenye debe la taka. Nilimkata miaka na miaka, na yeye alikuwa anacheka tu.

Jambo lingine ni mvua. Mnaijua, saa nane mchana haina aibu. Siku hizi tuna dari, lakini wakati huo juu yetu kulikuwa na mabati matupu. Kwaya zilikuja asubuhi, bendi zikaja asubuhi, na saa saba na nusu Mzee alikuwa anatoka nje kuangalia upande wa msitu, mvua inakotokea. Akirudi bila kusema kitu tunaendelea. Akirudi anakunja mikono ya shati, tunazima.

Sasa Majani Mabichi. Walikuja juu ya lori la majani, watatu, ngoma zimefunikwa na turubai. Kipkoech alikuwa gitaa na sauti ya kwanza, mtoto wa jirani yetu kule Boito, na hakuwahi kufika kabla ya kumaliza kukamua ng'ombe. Chelangat alipiga gitaa la bezi. Alikuwa amesomea ualimu, mpole ukimsalimia, lakini akishika bezi unamuogopa. Odhiambo alikuwa ngoma. Alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, baba yake mfanyakazi wa kiwanda, na alijifunza kupiga kwa kusikiliza mashine za kiwanda usiku na mchana. Ndiyo maana mapigo yake hayakuwahi kuyumba. Jina la bendi walilipata kwenye banda la majani, maana walifanyia mazoezi humo lori likishaondoka.

Nataka mwelewe walivyokuwa tofauti. Bendi zetu wakati huo zilipenda wimbo mrefu. Gitaa linaanza, linatembea, linasalimia ukoo wote, sauti inaingia ukiwa umeshakunywa chai ya pili. Hawa waliingia na gitaa mbili zenye kelele, la Kipkoech na lile la bezi la Chelangat, ngoma imenyooka kabisa, na kiitikio kinakuja kabla hujakaa. Halafu sauti tatu zinapanda pamoja, na hapo, niwaambie ukweli, nywele za mkono zilikuwa zinasimama kila mara, hata mara ya mia. Dakika tatu, wimbo umeisha. Watu walilalamika. Mama mmoja sokoni aliniuliza, "Mbona inaisha kabla nifike katikati ya uwanja?" Nilimwambia aanze kucheza mapema.

Walichanganya Kipsigis na Kiswahili, na waliimba vitu vya hapa hapa. Waliimba lori linalojaa kabla ya zamu yako. Waliimba mwalimu anayepita na viatu mkononi. Maneno yalikuwa ya kuchekesha, lakini sauti zilikuwa na uchungu ndani. Mzee Owuor, ambaye hakujua neno la Kipsigis zaidi ya kusalimia, alisikiliza wimbo wao wa kwanza hadi mwisho akaniambia, "Hawa watoto wako na kitu." Alimpenda Odhiambo zaidi. Kijana alimwita Jaduong', kama anavyoitwa mzee wa heshima kwao, na siku zisizo za kurekodi walikaa pamoja wakibishana jinsi ya kukaza ngozi ya ngoma.

Sasa kosa. Nilipotoka kituo cha majani nilikuja na akili ya kituo cha majani. Pale mkulima si jina. Akina Cherono wako ishirini, akina Kipkoech hawahesabiki, lakini namba ya chai ni moja na haina pacha. Kwa hivyo kwenye studio nilianzisha utaratibu wangu: kila boksi la tepu liandikwe namba ya chai ya mwenyewe. Nilijivunia sana. Mzee Owuor aliangalia rafu yangu akakuna kichwa. "Andika jina, nyathina."

"Mzee, jina litatuchanganya. Namba haiwezi."

"Mimi sina namba ya chai. Siku yangu utaandika nini?"

"Wewe huimbi, Mzee," nikamjibu, na tukacheka.

Kipkoech hakuwa na namba yake. Majani yalikuwa ya mama yake, basi alitoa namba ya mama yake, 213. Niliiandika kwenye boksi la Majani Mabichi kwa kalamu nyekundu, tarakimu zimenyooka.

Wakati huo bendi ilikuwa imefika njia panda. Chelangat alikuwa ameitwa kufundisha mbali. Baba yake Odhiambo alikuwa amemtafutia nafasi kiwandani na hakutaka kusikia habari za ngoma tena. Lakini mtangazaji mmoja wa redio kule Nairobi alikuwa amesema walete wimbo mmoja kabla ya wiki kuisha, akiupenda ataucheza kwenye kipindi chake. Wakakubaliana watatu: ukipigwa wanaendelea, usipopigwa kila mtu ashike njia yake. Walikuja Jumatatu na "Chepilat Saa Tatu", wimbo wa mtu anayengoja mpenzi wake sokoni Chepilat tangu asubuhi hadi wachuuzi wanaanza kufunga.

Waliupiga mara nne, zote kwenye tepu ile moja. Mara ya kwanza kamba ilikatika. Ya pili ilikuwa sawa. Ya tatu ilikuwa nzuri, na Kipkoech akataka tuiache hapo. Odhiambo akasema, "Moja tu tena." Saa saba na dakika kumi. Mzee alienda mlangoni akaangalia upande wa msitu, akarudi bila kukunja shati. Wakaanza. Sijui niwaelezeje. Chelangat alifunga macho. Kwenye kiitikio cha mwisho sauti ya Kipkoech ilivunjika kidogo, mahali ambapo mtu anakubali kwamba anayemngoja haji, na wale wawili wakamshika na sauti zao wakampandisha. Gitaa la mwisho likalia. Odhiambo akacheka peke yake. Na Mzee, kama kawaida, hakungoja. Alisema, "Hiyo hiyo. Msiguse tena. Watoto wangu, hiyo hiyo!"

Nikazima huku nikisonya. Nilijiambia nitamkata kesho.

Kesho yake nilipelekwa sokoni kununua betri, sikukata. Jumatano ikaja kwaya ya akina mama kutoka Boito. Kiongozi wao alikuwa nani? Mama Kipkoech. Sasa hapa kwetu mteja akirudi tunatumia tepu yake mwenyewe, tepu mpya ilikuwa shida kupata, na nyimbo za zamani za kwaya zilikuwa zimeshahamishiwa kaseti. Nikauliza namba bila hata kuinua macho, jinsi nilivyouliza miaka yote kwenye mizani. Mama akasema, "Mbili kumi na tatu." Mkono wangu ukaenda kwenye rafu wenyewe, ukachukua 213 ya kwanza, kumbe sasa zilikuwa mbili, ya kwaya na ya bendi. Nikaweka tepu, nikarudisha mwanzo, nikabonyeza. Waliimba vizuri sana. Waliimba beti zote, hawakuruka hata moja.

Alhamisi bendi walikuja kuchukua nakala. Nikacheza. Ikatoka sauti ya Mama Kipkoech akimsifu Mungu. Kipkoech alicheka, "Ah, huyo si mama?" Nikasogeza mbele. Kwaya. Nikasogeza tena. Kwaya. Kicheko kikaisha. Mzee alinyoosha mkono akazima mashine, kwa sababu sote tulijua tepu ikipitiwa imepitiwa, na hakuna aliyetaka kusikia zaidi.

"Nani alirekodi juu yetu?" Kipkoech akauliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Mzee Owuor akasema, "Ni mimi. Nilichukua boksi bila kuangalia."

Chelangat alikaa chini kwenye sakafu akalia. Kipkoech alitoka nje. Odhiambo alibaki amesimama akimwangalia mzee, halafu akasema, "Jaduong', wewe?" Hayo tu. Akaanza kufungua ngoma zake moja moja.

Walipoondoka nilimwambia Mzee nawafuata, naenda kusema ukweli. Alinishika mkono. "Ukisema, hakuna bendi itakubali ushike tepu yao tena. Watasema ni kwa sababu wewe ni mwanamke, na hakuna studio ingine itakupea mashine. Mimi nimeshazeeka, watanisamehe." Nami nikanyamaza. Nilijiambia ni kumtii. Ilikuwa woga.

Walienda mjini Kericho wakarekodi wimbo upya Ijumaa, na mtangazaji akaucheza. Huo ndio mnaoujua nyinyi, huo wa kwenye simu. Ni mzuri, si uwongo. Bendi ikaendelea na mengine mnayajua: harusi zote za Konoin na Bureti, kaseti nne, watu wakijifunza kuimba sauti tatu kwenye kuchuna majani. Lakini Kipkoech mwenyewe hajawahi kuusikiliza huo wa mjini mbele yangu hadi mwisho.

Baada ya miaka walirudi kwetu, maana hakuna chumba kilichowapa sauti kama kile cha magunia. Kazi zangu bora zote nilifanya nao. Sauti tatu nilizirekodi kwa maikrofoni moja, nimechora chaki sakafuni kila mtu asimame wapi, Chelangat hatua moja nyuma kwa sababu sauti yake inapenya. Kwa kaseti ya tatu tulipakia mashine kwenye pikapu ya maziwa hadi banda la majani kule Boito, Jumapili ambayo hakuna mizani wala foleni, kwa sababu Odhiambo alitaka ngoma zisikike zilivyosikika walipokuwa watoto. Mkisikia ule mwangwi msidhani ni kompyuta. Ni mabati, nguzo, na ng'ombe mmoja ambaye sikufaulu kumkata.

Kipkoech na Chelangat walimsamehe Mzee. Odhiambo alifanya kazi naye vizuri, kwa adabu, lakini alimwita Fundi. Hakumwita Jaduong' tena hata siku moja. Kila nikisikia "Fundi, naomba waya," nilikuwa namwona Mzee anainama kutafuta waya. Mara mbili nilimwomba ruhusa niseme. Mara zote mbili alikataa. Halafu akaugua, akarudishwa kwao, akafa. Hapo hakuna wa kunikataza tena, na bado sikusema. Nani angempenda mtu anayesema jambo kama hilo baada ya mazishi? Odhiambo alituma rambirambi. Hakuenda.

Baadaye kompyuta zilikuja, nikaanza kuhamisha tepu za zamani moja moja. Siku moja niliweka boksi 213 ili nihifadhi kwaya ya marehemu Mama Kipkoech. Nikaiacha ikizunguka nikaenda kuchemsha chai. Niko jikoni nasikia akina mama wanamaliza, Amina, kimya, halafu gitaa.

Niliacha sufuria ikamwagika. Kwaya iliimba beti zote, lakini tepu ilikuwa ndefu kuliko beti zao. Kiitikio cha mwisho kilikuwa bado kipo, kile cha Jumatatu, sauti inavunjika, wawili wanaishika. Gitaa likalia. Odhiambo akacheka. Na Mzee Owuor akasema maneno yake, hai kabisa, kwa sababu sikuwa nimepata nafasi ya kumkata.

Nilitafuta kwenye rafu zote sauti yake nyingine. Hakuna. Alirekodi nusu ya watu wa sehemu hii, na mimi nilimtoa kila mahali kwa wembe.

Ndiyo maana siku ya kuniaga niliwaomba wale watatu waje mapema, kabla ya mvua. Wamezeeka sasa. Kipkoech ana miwani, Chelangat ni mwalimu mkuu mstaafu, Odhiambo anatembea na fimbo. Niliwakalisha chumba cha nyuma nikasema yote, bila kuzunguka. Kwamba ni mimi. Kwamba Mzee alinifunika.

Kipkoech alisema polepole, "Namba ya mama." Chelangat alinishika bega. Odhiambo alinitazama hadi nikaangalia chini.

"Miaka yote hiyo, Chepkorir? Na ulikuwa unanipea chai hapa hapa?"

"Ndiyo."

"Na mimi sikuenda kumzika."

Nikabonyeza kitufe. Sekunde arobaini, haifiki hata dakika. Kiitikio kikapanda, gitaa likalia, kijana akacheka, na mzee akasema, "Hiyo hiyo. Msiguse tena. Watoto wangu, hiyo hiyo!"

Huko mbele mlikuwa mnapiga makofi ya keki. Odhiambo alivua kofia, akaiweka kwenye goti.

"Ebu rudisha," akasema. "Rudisha Jaduong'."

Nilirudisha hadi mvua ikaanza, na hakuna aliyeniambia nizime.

Boksi liko rafu ya juu, upande wa kulia wa dirisha. Namba nimeifuta. Nimeandika majina manne: Kipkoech, Chelangat, Odhiambo, Owuor. Mkiicheza, gitaa likiisha msizime mashine. Ngojeni kidogo.